Simbu kachukua dhahabu na miaka 33, wewe wa miaka 22 umezeekea wapi?

Leo naomba tuongelee habari ya umri na michezo. Najua wengi mtasema hii ni mada nyepesi ya kupotezea nusu saa ya kafe, lakini mkifika mwisho mtaona inatugusa sisi vijana wa Singida kuliko tunavyofikiri.

Tuanze na la nyumbani. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa Singida na mwanajeshi wa JWTZ, alishinda marathoni kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo, Japani. Kwao ilikuwa asubuhi, kwetu bado usiku, watu wengi wameamka wamekuta habari imeshatapakaa kwenye simu. Alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani naye aliandikiwa muda huo huo, ikabidi iangaliwe picha ya mstari wa mwisho, ndipo ikaonekana Simbu katangulia kwa sekunde 0.03. Yaani watu wamekimbia kilomita 42 na ushee, halafu wametenganishwa na kitu kisichofika hata muda wa kupepesa jicho. Ile ndiyo dhahabu ya kwanza kabisa ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha tangu yaanze mwaka 1983.

Tulishangilia sana, na ilistahili. Ila kuna kitu kimoja hatukukijadili. Simbu kazaliwa Februari 1992. Siku ile ya Tokyo alikuwa na miaka 33 na nusu.

Sasa jamani tuambizane ukweli. Hapa kwetu mtu wa miaka 33 akionekana anakimbia barabarani alfajiri, watu wanamuitaje? Wenye adabu watamuuliza kama daktari ndiye kamwambia apunguze presha. Wasio na adabu watamwambia babu kapumzike. Akiwa ni dada mwenye watoto ndiyo kabisa, ataambiwa kwake kumemshinda. Na si huyo wa 33 tu. Kijana akishamaliza kidato cha nne, akakaa mtaani miaka mitatu, akisema anataka kuanza riadha au kurudi kwenye mpira, jibu ni lile lile: umeshapitwa.

Mimi nasema hilo jibu ni la uongo nusu. Umri unapunguza kitu, sikatai, na nitaeleza. Lakini kinachotutupa nje mapema hivi ni namna michezo yetu ilivyopangwa, na ndiyo maana nimeandika hii makala.

HESABU YA MIAKA YA SIMBU

Angalieni safari yake kwa miaka. Olimpiki ya Rio 2016, marathoni, alimaliza wa 5. Mwaka uliofuata, mashindano ya dunia London 2017, akapata shaba. Hapo alikuwa na miaka 25, kila mtu akasema dhahabu inakuja kesho. Haikuja. Olimpiki ya Tokyo iliyosogezwa hadi 2021 akawa wa 7. Michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022 akapata fedha nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Olimpiki ya Paris 2024 akawa wa 17.

Simameni hapo kwenye 17. Ana miaka 32, ametoka kwenye Olimpiki yake ya tatu bila medali, na kila Olimpiki amemaliza nyuma zaidi ya ile iliyotangulia: wa 5, wa 7, wa 17. Ukimpelekea hizo namba mshauri yeyote wa kijiweni atakwambia huyu kaisha, akalee watoto. Aprili 2025 akaenda Boston akawa wa pili nyuma ya Mkenya John Korir. Miezi mitano baadaye, dhahabu ya dunia.

Toka shaba hadi dhahabu ni miaka minane. Swali la kujiuliza si kwamba alikuwa na moyo kiasi gani, maana moyo wanao wengi. Swali ni nani alikuwa anamlisha ile miaka minane wakati medali haziji. Hilo nitalirudia.

Na yeye si wa ajabu kwenye familia ya mbio ndefu. Juma Ikangaa, afisa mwingine wa JWTZ, alishinda New York mwaka 1989 akiwa na miaka 32, baada ya kuwa wa pili Boston, na mwaka uliofuata akawa wa pili Boston tena. Eliud Kipchoge aliweka rekodi ya dunia Berlin mwaka 2022, saa 2, dakika 1 na sekunde 9, akiwa na miaka 37. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa wa pili London 2024 na miaka 41. Edna Kiplagat wa Kenya, mama wa watoto, alikuwa wa tatu Boston 2024 na miaka 44.

HAYA, TUCHUKUE MCHEZO MGUMU ZAIDI

Najua kuna mdau ataandika hapo chini kwamba nimechagua mfano rahisi, marathoni ni mchezo wa watu wazima, ukichelewa hupotezi sana. Sawa kaka, nimekusikia. Basi tuchukue mchezo ambao dunia nzima inaamini ni wa watoto: jimnastiki. Ule wa kuruka sarakasi hewani, kubembea kwenye fito, kutembea juu ya boriti nyembamba na kupinduka sakafuni.

Kwa wanawake hasa, huo mchezo ulikuwa wa watoto kweli. Nadia Comaneci wa Romania alipopata alama 10 kamili Olimpiki ya Montreal 1976 alikuwa na miaka 14. Baadaye wakubwa wa mchezo wakaona watoto wanaumizwa, wakapandisha umri. Tangu 1997 binti haruhusiwi kushindana na wakubwa kimataifa mpaka mwaka anaotimiza miaka 16. Na hapo kuna kichekesho ambacho sisi wa Bongo tutakielewa haraka. China ilinyang'anywa medali ya shaba ya timu ya Olimpiki ya Sydney 2000, ikachukuliwa mwaka 2010, kwa sababu iligundulika msichana mmoja alikuwa na miaka 14 siku ya mashindano. Kwenye mpira sisi tunapunguza umri, wenzetu kwenye jimnastiki waliongeza. Kila mchezo na uongo wake.

Sasa katikati ya mchezo huo wa watoto akatokea mama mmoja wa Uzbekistan anaitwa Oksana Chusovitina. Kazaliwa Juni 1975. Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Barcelona 1992, akapata dhahabu ya timu. Wenzake wote wa wakati ule walistaafu zamani. Yeye akazaa mwaka 1999, akarudi. Mwaka 2002 mtoto wake akaugua saratani ya damu. Kwao matibabu hayakuwepo ya kueleweka, wakahamia Cologne, Ujerumani, na yule mama akawa anashindana kutafuta hela ya hospitali. Baadaye akachukua uraia na kushindania Ujerumani. Mtoto akapona.

Olimpiki ya Beijing 2008 akapata fedha kwenye kuruka meza. Hiyo ndiyo medali yake pekee ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja, na aliipata akiwa na miaka 33. Umri ule ule wa Simbu Tokyo! Rio 2016 akaingia fainali akiwa na miaka 41. Tokyo 2021, Olimpiki yake ya nane, alikuwa na miaka 46, anashindana na mabinti wadogo kuliko mwanae. Alitangaza kustaafu, watu wakasimama kumpigia makofi, na baadaye akabadili mawazo akarudi tena. Alitaka kwenda Paris 2024, akaumia kwenye mashindano ya Asia akashindwa. Mwaka 2025, mwaka aliotimiza miaka 50, bado alikuwa anashindana.

Aliwezaje? Hapa ndipo pa kujifunza, tusiishie kusema ana kipaji. Jimnastiki ya wanawake ina vyombo vinne: kuruka meza, fito, boriti na sakafu. Chusovitina miaka yake ya ukubwa aliweka nguvu kwenye kimoja, kuruka meza. Unakimbia kidogo, unakanyaga ubao, unaisukuma meza kwa mikono, unajikunja hewani, unatua. Sekunde chache imeisha. Hakuna kucheza dakika nzima na nusu kama sakafuni ambapo pumzi ya binti wa miaka 17 inakuacha mbali. Alichagua sehemu ambayo nguvu za miguu na uzoefu wa miaka thelathini vinalipa zaidi kuliko mwili laini. Mtu mzima kwenye michezo ndiyo anavyotakiwa kufikiri: kipi kwangu bado kina makali, nikitumie hicho.

Na kuna zaidi yake. Mjerumani Johanna Quaas aliingizwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2012 kama mwanajimnastiki mkongwe kuliko wote anayeshindana, akiwa na miaka 86. Bibi wa miaka 86 anasimama kwa mikono! Hakuwa anashindana na wasichana wa Olimpiki, alikuwa anashindana kwenye michezo ya wazee ya jimbo lake. Kumbukeni hilo neno: michezo ya wazee ya jimbo. Huko kuna mtu alikaa akaipanga.

SISI TUNA NINI?

Ukimuuliza Mtanzania jimnastiki ni nini, atakutajia halaiki. Wale wanafunzi waliovaa rangi rangi uwanjani siku za sherehe za taifa, wanapanga maumbo, wanapandana mabegani, wanapinduka. Wengi wetu tulipita huko au tulitamani kupita. Lakini halaiki ni ya watoto wa shule. Ukimaliza shule, halaiki imekwisha, unabaki mtazamaji wa jukwaani.

Wenzetu wana kitu kinaitwa World Gymnaestrada. Kilianza Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1953, hufanyika kila baada ya miaka minne, mwaka 2023 kilikuwa Amsterdam. Ni halaiki ya dunia nzima, maelfu ya watu, hakuna mshindi wala medali, na umri wowote unaingia. Unakuta kikundi cha akina mama wa miaka 60 kinapanga maumbo kama tuliyokuwa tunapanga sisi darasa la tano. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao hawakuambiwa mchezo umebaki shuleni pamoja na sare na daftari.

Kitu cha pili tulichonacho ni sarakasi. Hapa tunao vijana wa kujivunia, Ramadhani Brothers, Fadhili na Ibrahim. Mmoja anasimama kichwa chini miguu juu, kichwa chake juu ya kichwa cha mwenzake, halafu mwenzake anapanda ngazi. Februari 2024 walishinda America's Got Talent: Fantasy League huko Marekani, zawadi dola 250,000. Ni watu wazima wale, na kile wanachofanya kinahitaji shingo na mgongo uliojengwa kwa miaka mingi, mtoto hawezi. Kwa nini wao waliendelea wakati wale wa halaiki waliacha? Kwa sababu sarakasi iliwalipa. Ilikuwa kazi.

Sasa tunarudi kwenye lile swali la nani alimlisha Simbu.

MICHEZO YA WAKUBWA NI YA WENYE AJIRA

Hebu tupange kwenye mstari. Ukiwa shule ya msingi kuna UMITASHUMTA. Ukiwa sekondari kuna UMISSETA. Hiyo ni ya kila mtoto, hata mtoto wa mkulima wa alizeti wa Mkalama anaweza kufika mkoani, hata taifani. Ukishakuwa mkubwa kuna nini? Kuna SHIMIWI, ya wizara na idara za serikali. Kuna SHIMISEMITA, ya watumishi wa serikali za mitaa. Kuna SHIMUTA, ya mashirika ya umma na taasisi binafsi. Kuna BAMMATA, ya majeshi. Humo watu wa miaka 40 na 50 wanavuta kamba, wanacheza netiboli, wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanacheza bao. Safi kabisa, siwaonei wivu.

Ila umeona kinachofanana? Zote zinaanza na mwajiri. Mtu mzima Tanzania anapewa mashindano yaliyopangwa vizuri kama ana ajira. Anayelima vitunguu Ikungi, anayeendesha bodaboda stendi ya Misuna, anayeuza mafuta ya alizeti kwenye chupa pembeni ya barabara ya Dodoma, hana shirikisho lake. Siku alipomaliza kidato cha nne ndiyo siku michezo iliyopangwa ilimuaga. Akiwa na miaka 17, 18 au 19.

Ndiyo maana nasema umri ni kisingizio. Mtumishi wa miaka 45 anaambiwa njoo uvute kamba, wizara inakusafirisha. Kijana wa miaka 22 asiye na kazi anaambiwa umezeeka.

Na Simbu ndiye mfano wenyewe. Yeye ni askari. Nchi hii toka zamani jeshi ndilo limebeba riadha: Filbert Bayi alikuwa jeshini, Ikangaa jeshini, Simbu jeshini. Mshahara unaingia hata mwaka ambao umekuwa wa 17. Mazoezi ni sehemu ya kazi. Ndiyo iliyomfanya aweze kusubiri miaka minane. Lakini matangazo ya kujiunga na JKT kwa kujitolea, ambayo kwa wengi wetu ndiyo njia ya kuelekea jeshini, yana ukomo wa umri, na ukomo unategemea elimu: mwenye elimu ndogo anafungiwa mapema kuliko mwenye digrii. Kwa hiyo mlango uliomwezesha mtu kushinda akiwa na miaka 33 lazima uwe umeuingia ukiwa kijana mbichi. Ukichelewa hapo, umechelewa na yale mengine yote.

Kuna jambo lingine. Watu hupenda kusema Arusha na Manyara wanakimbia kwa sababu ya mwinuko. Jamani, mji wa Singida uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama 1,400. Mwinuko tunao, upepo wa kukufundisha kukimbia kwa shida tunao wa kugawa, barabara za vumbi zipo. Bado Simbu wa Singida mazoezi yake amefanyia Arusha chini ya kocha Francis John. Kilichoko Arusha ni kundi. Ni watu ishirini wanaotoka pamoja alfajiri, mmoja ameshaenda Boston, mwingine anajua wakala, mwingine ana kocha mwenye saa mkononi. Kundi hilo linamfanya mtu wa miaka 30 asijione kituko.

TUNACHOLIPIA

Hii imani kwamba mlango unafungwa na miaka 20 ina gharama. Ya kwanza ni uongo wa umri. Mwaka 2005 timu yetu ya chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imeshafuzu fainali za Afrika kule Gambia, ikaondolewa kwa tatizo la umri wa mchezaji. Tulikasirika, tukalaumiana, tukaendelea. Lakini hatukujiuliza kwa nini kijana anahitaji umri wa pili mfukoni. Anauhitaji kwa sababu anajua wakubwa wa mpira hawamwangalii mtu wa miaka 23 asiye na jina. Akisema ukweli kafukuzwa, akidanganya kuna nafasi. Mimi sitetei kudanganya. Nasema tu kwamba tumetengeneza soko la uongo halafu tunashangaa bidhaa inauzika.

Gharama ya pili ni afya. Dada aliyekuwa anaruka juu UMISSETA, leo ana miaka 28, hajaruka hata mtaro toka alipotoka shule. Baada ya miaka michache ndiyo tunasikia kisukari na presha, halafu daktari anamwambia afanye mazoezi. Mazoezi yapi, wapi, na nani? Dar es Salaam wana klabu za jogging kila mtaa, Temeke na Kinondoni watu wazima wanatoka asubuhi za wikiendi wanaimba barabarani, wana fulana zao, wana bonanza. Singida maveterani wa mpira wapo, tena wana raha zao, lakini ni wanaume. Dada wa miaka 28 aende wapi?

Gharama ya tatu ni ile hatuioni. Kama Simbu angekuwa hana mshahara angeacha baada ya 2017, na kusingekuwa na dhahabu ya 2025. Sasa wale walioacha kweli, hatuwajui. Huwezi kuwahesabu.

TUSIDANGANYANE PIA

Nisionekane nauza ndoto. Mwili unazeeka. Baada ya miaka 30 hivi uwezo wa mwili kutumia hewa unaanza kushuka taratibu, misuli inapungua, ukiumia unachelewa kupona. Anayefanya mazoezi anashuka polepole kuliko aliyekaa kwenye kiti, ila naye anashuka. Kwenye jimnastiki ni hatari zaidi, maana mtu mzima akianguka anaanguka na uzito wake wote. Mtu wa miaka 30 ambaye hajawahi kupinduka, asiende kupinduka kwenye lami kwa sababu kasoma blogu.

Tena Chusovitina na Simbu hawakuanza ukubwani. Waliendelea. Kuendelea na kuanza ni vitu viwili tofauti, na wengi wetu tusingefika Tokyo hata tungeanza tukiwa tumboni. Lakini michezo ya watu wazima haitakiwi ipimwe kwa Tokyo. Kwenye riadha ya dunia kuna mashindano ya watu wa miaka 35 na kuendelea, yalianza Toronto, Kanada, mwaka 1975. Wanagawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano, wa 35 na wenzake, wa 40 na wenzake, mpaka wa 90 na kitu. Hakuna anayemdanganya mwenzie kwamba bado kijana. Unashindana na rika lako, basi. Hapo hata kughushi umri hakuna maana, labda ujiongezee miaka.

KIFANYIKE NINI

Mimi si kiongozi wala sina shahada ya michezo, nimeishia kidato cha nne. Lakini haya mambo hayahitaji shahada.

Kwanza, mbio zinazoandaliwa mikoani kwa ajili ya kuchangia hili na lile, na siku hizi zimekuwa nyingi, ziweke zawadi kwa marika. Haihitaji mamilioni. Mfuko wa sukari na jina kusomwa kwenye kipaza sauti vinatosha kumfanya mama wa miaka 40 afanye mazoezi miezi mitatu.

Pili, viwanja vya shule za msingi Jumamosi na Jumapili viko tupu, mbuzi wanakula majani. Wafunguliwe watu wa mtaa kwa utaratibu, na mwalimu wa michezo apewe chochote awasimamie.

Tatu, halaiki. Siku ya sherehe za mkoa, tuweke kikundi kimoja cha watu wazima. Waliopita halaiki miaka ya nyuma wapo wengi mitaani, ni mafundi, ni mama lishe, ni walimu. Watu watacheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili watauliza fomu zinapatikana wapi.

Nne, na hili ni la wakubwa: michezo ya mkoa iwe na mlango wa asiye na mwajiri. Kata ipeleke timu ya kata, haijalishi mtu ni mtumishi au anauza kuku wa kienyeji. Tulimwita Simbu shujaa wa mkoa, mkoa huo una watu wengi wasio na kitambulisho cha kazi kuliko wenye nacho.

Na la tano ni letu sisi tulioko hapa kafe. Ukimuona mtu anakimbia alfajiri kule kando ya ziwa Singidani, ana kitambi, anahema kama treni ya kati, kaa kimya. Au msalimie, mwambie shikamoo kama ni mkubwa wako, muulize anaanza saa ngapi kesho. Watu wawili wakikimbia pamoja, wa tatu hataona aibu, na hilo ndilo kundi ambalo Arusha wanalo sisi hatuna.

Basi wadau, nimewakilisha. Wale mliocheza UMISSETA mkaacha, semeni hapo chini mliacha na miaka mingapi na nini kiliwaachisha. Na wale mnaosema umri ndiyo kila kitu, karibuni mnipinge, ila mje na hoja, matusi nitafuta.